Grisham hakuanzia Hollywood, alianzia koridoni

Juni moja nilinunua kitabu cha mtumba pale Mwanjelwa, kwa yule jamaa anayepanga vitabu chini kwenye turubai katikati ya viatu na mabegi, buku mbili tu, The Firm, riwaya ya John Grisham, yule wakili wa Marekani aliyegeuka mwandishi, kava limeliwa na maji kidogo ila ndani safi. Nikakisoma usiku nne mfululizo chini ya blanketi mbili, na nyie mnaoijua Mbeya ya mwezi wa sita hamna haja ya kuelezwa. Nikafika pale kijana wakili anawindwa, mafia upande huu, FBI upande ule, nafungua ukurasa unaofuata, hola. Kurasa kumi na kitu za mwisho hazipo, zimekatwa vizuri kabisa kama kwa rula, nadhani kuna mama alifungia watu karanga.

Nikampigia mshikaji wangu ambaye ni wakili hapa mjini, nikamuuliza bwana hii inaishaje. Akanijibu kwa kujiamini kama yuko mbele ya jaji: jamaa hakimbii, anawageuzia kibao kisheria, anawabana mabosi wake kwa kesi ya kuwatoza wateja bili za uongo, halafu anarudi zake uraiani mtu safi. Nikalala na amani. Miezi mitatu mbele nikapata kopi nyingine nzima, kumbe kitabuni kijana anaondoka na mamilioni ya dola ya wale majambazi na kuishia kwenye boti huko visiwa vya Caribbean, yeye na mkewe na kaka yake, hawana kwao. Wakili wangu alikuwa hajasoma chochote. Alikuwa ameona sinema ya 1993, ile ya Tom Cruise, na kule Hollywood walimsafisha kijana wa watu ili tutoke ukumbini tumefurahi. Mwandishi mwenyewe alimwacha na hela ya wizi mfukoni na usingizi wa mang'amung'amu.

Nimeanzia hapo makusudi, maana hivyo ndivyo wengi tunavyomjua Grisham, kwa sinema na kwa mbio. Vijana wanaoandika riwaya za simu, zile za sehemu ya kwanza mpaka sehemu ya tisini na nne, wakitaka kuandika "kama Grisham" wanaweka helikopta, wanaweka bastola yenye kizuia sauti, wanaweka mwanamke mrembo mwenye siri, na wakili wa kwenye stori yao hujawahi kumuona hata siku moja akisubiri karani aite jina la mteja wake. Mimi msimamo wangu ni kwamba hapo ndo tunapopigwa. Mtaji wa huyu mzee sio mbio, mtaji wake ni miaka kama kumi ya uwakili wa mji mdogo, ule wa kuunga unga, na kama kuna watu duniani wana mtaji huohuo kwa wingi na wameuacha uoze ni mawakili wetu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songea.

Tumuangalie alikotoka kwanza. Kazaliwa tarehe 8 Februari 1955 Jonesboro, Arkansas, baba yake alikuwa mkulima wa pamba akifanya na kazi za ujenzi, watoto watano, familia ya kuhamahama kufuata vibarua mpaka mwaka 1967 wakatulia Southaven, mji wa jimbo la Mississippi ulio pembeni tu ya Memphis. Ndoto yake ilikuwa besiboli, ikagoma. Kazi za ujana wake ukizisoma utafikiri unasoma maisha ya kijana wa Uyole: alimwagilia miche kwenye bustani kwa dola moja kwa saa, akajenga fensi, akawa msaidizi wa fundi bomba, akaingia kwenye genge la kuweka lami barabarani, na huko kwenye lami siku moja vibarua wenzake wakagombana wakaanza kurushiana risasi, yeye amejificha chooni anawaza kwamba hivi shule si ilikuwepo. Baadae akauza chupi za kiume dukani Sears na ameandika mwenyewe kwamba ile kazi ilikuwa aibu tupu. Hizi stori anazisimulia kwa kucheka lakini ukisoma riwaya zake unaona jinsi anavyomjua mtu anayelipwa kwa saa, anavyojua kwamba kwa mtu wa namna hiyo siku moja ya kwenda mahakamani ni siku moja ya kulala njaa.

Akasoma uhasibu Mississippi State, akamaliza 1977, kisha sheria Chuo Kikuu cha Mississippi, akamaliza 1981. Mpango ulikuwa awe wakili wa kodi, yaani ofisi yenye zulia. Akaishia kurudi Southaven kutetea washtakiwa wa jinai na watu walioumia kwenye ajali, wengi hawana hela. Mwaka 1983 akachaguliwa kuwa mbunge wa bunge la jimbo, akakaa mpaka 1990. Ubunge wake nauruka, sio kwamba hauna maana ila siuoni sana kwenye vitabu, labda kwa namna anavyowachora wanasiasa, ambao kwake karibu wote wanauzika na bei yao sio kubwa.

Sasa hapa ndo penye utamu. Mwaka 1984 yuko kwenye jengo la mahakama mji wa Hernando, na kesi yenyewe sio yake, amekaa tu anasikiliza, na binti mdogo aliyebakwa anapanda kizimbani kutoa ushahidi mbele ya watu wazima wasiomjua. Grisham anasema aliwaza, baba wa huyu mtoto angechukua bunduki akamuua aliyefanya hivi, ingekuwaje? Hilo swali moja likamla miaka mitatu. Saa kumi na moja alfajiri alamu inalia, kumi na moja na nusu yuko ofisini na kahawa yake na daftari, lengo ni ukurasa mmoja kwa siku, siku tano za wiki, ikifika saa ya kazi anafunga daftari anaenda kutetea wateja. Aliandika kwa mkono. Akamaliza 1987.

Kuna kitu watu hawakioni kwenye hiyo ratiba, wanaishia kwenye nidhamu, oh kuamka mapema, oh bidii, kama semina za ujasiriamali vile. Mimi naona kitu kingine. Mtu anayeandika asubuhi halafu saa tatu anaingia mahakamani anakuwa anajisahihisha kila siku. Ukiandika kwamba jaji alifoka, saa tatu unamuona jaji halisi ambaye hafoki, anavua miwani tu anaifuta polepole na chumba kizima kinanyamaza. Kesho yake alfajiri unafuta kufoka unaweka miwani. Hiyo huipati kwenye sinema hata uangalie mia.

Wachapishaji wakamkataa mmoja baada ya mwingine. Mwisho kampuni ndogo, Wynwood Press, ikakubali kutoa nakala 5,000, kitabu kikaitwa A Time to Kill. Jamaa akanunua nakala 1,000 yeye mwenyewe, akazipakia kwenye gari, akawa anazunguka nazo maktaba kwa maktaba, duka kwa duka, mji kwa mji, akiomba watu waje wanunue. Yaani wakili na mbunge juu, anatembeza bidhaa kama hawa vijana wetu wa stendi wanaokupandishia earphone na karanga dirishani mwa basi. Kitabu hakikuuzika.

Ila kesho yake tu baada ya kumaliza cha kwanza alikuwa ameshaanza cha pili, na cha pili ndo The Firm, hicho changu kisicho na mkia. Hapa bahati ikaingia, sitaki kumdanganya mtu kwamba ni juhudi tupu. Kopi ya mswada ikavuja, ikafika Hollywood kabla hata hajapata mchapishaji, na mwaka 1990 Paramount wakanunua haki za filamu kwa dola 600,000. Baada ya hapo wachapishaji wa New York wakakumbuka ghafla kwamba wanampenda. Kikatoka 1991, kikakaa wiki 47 kwenye orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzika zaidi. Akafunga ofisi ya uwakili. Kuanzia 1994 mpaka 2000, miaka saba mfululizo, riwaya iliyouzwa kuliko zote Marekani kila mwaka ilikuwa yake. Leo wanahesabu nakala zaidi ya milioni 300 duniani, na moja ya hizo ndo ilitua Mwanjelwa ikafungiwa karanga.

Nirudi kwenye koridoni, zile za mahakama, maana ndo hoja yangu.

Kuna asubuhi nilienda mahakamani kumsubiri huyohuyo mshikaji wangu tukanywe chai, ukungu umefunika mlima Loleza wote, watu wamejaa nje na makoti na mashuka ya kimasai, mawakili wameshika majoho yao kwenye mifuko ya plastiki kama wametoka dobi, orodha ya kesi imebandikwa ubaoni na kila anayefika anaweka kidole anashuka nacho akitafuta jina lake. Kwenye benchi alikaa mzee mmoja kutoka Rungwe, ametoka kwake saa kumi alfajiri, kesi ya shamba, ndugu wa damu kang'oa miti ya mpaka tangu parachichi lilivyoanza kuwa hela. Mapajani alikuwa na bahasha ya kaki imevimba, ina kila karatasi aliyowahi kupewa na serikali maishani mwake nadhani, na ameifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kila mlango ukifunguka anaikaza ile tyubu. Saa tano karani akatoka akasema jaji yuko kwenye vikao nje ya kituo, kesi zimepangiwa tarehe nyingine. Mshikaji wangu akainama akamwambia, "Baba, utarudi tarehe kumi na saba mwezi ujao." Mzee akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu," akaomba amwandikie hiyo tarehe juu ya bahasha. Juu ya bahasha kulikuwa na tarehe nyingine sita, zimekatwa mstari moja moja kwa peni tofauti.

Ningekuwa Grisham riwaya ingeanzia pale, kwenye zile tarehe. Wala sihitaji bastola.

Na huyu bwana hakuacha hiyo hasira baada ya kutajirika, hapo namheshimu. Mwaka 1996, ana mahela, akarudi mahakamani Mississippi kutimiza ahadi aliyoiacha kabla hajastaafu uwakili, familia ya mfanyakazi wa reli aliyebanwa katikati ya mabehewa mawili akafa. Akasimama mwenyewe kwenye kesi, akashinda, fidia dola 683,500, kubwa kuliko zote alizowahi kupata akiwa wakili. Halafu Desemba 2004 akasoma kwenye gazeti taarifa ya kifo cha mtu anaitwa Ron Williamson, mchezaji besiboli aliyeshindwa kama yeye, wa mji wa Ada, Oklahoma, ambaye mwaka 1988 alihukumiwa kifo kwa mauaji ambayo hakuyafanya, akafika siku tano tu kabla ya kuuawa ndipo hukumu ikasimamishwa, vipimo vya DNA vikamtoa 1999, na miaka mitano mbele akafa. Grisham akaenda mwenyewe kufukua hiyo kesi, 2006 akatoa The Innocent Man, kitabu chake cha kwanza kisicho cha kubuni. Tangu hapo yuko karibu sana na Innocence Project, wale wanaopambana kutoa watu waliofungwa kimakosa.

Wapo mawakili wengine waliopita njia hiyo. Erle Stanley Gardner tangu 1933 na Perry Mason wake, naye alihangaikia wafungwa wasio na hatia. Scott Turow wa Chicago aliandika Presumed Innocent kwenye treni akienda kazini, alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali, kikatoka 1987, na huyo hata baada ya utajiri uwakili hakuuacha. Kiuandishi mimi Turow namuweka juu ya Grisham, sentensi zake zina uzito, watu wake wana dhambi za kweli. Grisham anaandikaga haraka, kila mwaka lazima kitabu, na inaonekana. Wanawake wake wengi wapo pale kumsubiri shujaa arudi nyumbani, na kuna riwaya zake za katikati hapo unaona kabisa amechoka, stori inamalizika kwa sababu kurasa zimetosha. Ila akirudi kwenye kile kimji alichokitunga, Clanton, na wakili wake asiyelipwa Jake Brigance, mkono unakuwa mwingine kabisa. Amerudi huko 2013, akarudi tena 2020. Mtu akiwa kwao hadanganyi sana.

Sasa sisi.

Riwaya pendwa ya Kiswahili imekuwa na majasusi, tena wazuri, Willy Gamba wa Elvis Musiba, imekuwa na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, wapelelezi kibao. Wakili shujaa yuko wapi? Mimi kwenye rafu yangu simuoni. Watu watasema kwetu hakuna jury, hakuna wale wananchi kumi na wawili wa kushawishiwa, kwa hiyo hakuna tamthilia. Ni kweli nusu. Kitabu cha kwanza cha Grisham kinategemea jury kweli, lile jambo la kuwaambia watu wafumbe macho wamfikirie binti aliyeumizwa, ambalo kwenye sinema analifanya wakili, kitabuni analifanya mmoja wa wajumbe wa jury wakiwa wamejifungia chumbani. Sisi tulikuwa na wazee wa baraza, wanakaa na jaji wanatoa maoni, na jaji hafungwi na maoni yao. Lakini hebu jiulize, mzee wa baraza anayejua ukweli wa kijiji chake halafu anamsikiliza jaji akienda kinyume na alichosema, hiyo sio tamthilia? Hiyo ni zaidi ya jury.

Mimi nadhani kilichotukwamisha ni lugha, na ukikaa ukafikiria unaona ni kama mtego ulitegwa. Mahakama ya Mwanzo ndo ilikuwa ya Kiswahili tangu zamani, huko ndo watu wanafokeana, mama anavua kilemba kuapa, jirani anatoa ushahidi wa kuku, na huko kwa miaka mingi sana mawakili walikuwa hawaruhusiwi kusimama. Huku juu walikoruhusiwa, shahidi anaongea Kiswahili, tena chenye Kinyakyusa au Kihehe ndani yake, jaji anaandika Kiingereza. Kwa hiyo kile alichosema yule mama, kwa maneno yake, kilikufa hapohapo hewani, kwenye jalada imebaki sentensi safi ya Kiingereza isiyo na harufu. Mpaka 2021 ndipo sheria ikabadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Fikiria wakili wa umri wa miaka hamsini leo, amesikia Kiswahili kizuri kuliko sisi wote, na kila siku jioni kazi yake ilikuwa kukitafsiri kife. Halafu tunamuuliza mbona huandiki riwaya.

Mfano mmoja tu, na ni wa hapahapa nyanda za juu. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa Dk. Kleruu alienda Isimani, ile Isimani ya mahindi, barabara ya Iringa kwenda Dodoma, kipindi cha vijiji vya ujamaa. Akamkuta mkulima Said Mwamwindi analima na trekta shambani kwake. Yakatokea maneno. Mwamwindi akachukua bunduki akampiga risasi mkuu wa mkoa, akafa. Halafu, na hapa ndo kila mara nikiifikiria nasisimka, akaupakia mwili kwenye gari la marehemu mwenyewe, akaendesha mpaka Iringa mjini, akaingia polisi akajisalimisha. Kesi ikasikilizwa 1972, hoja zikawa kama alikasirishwa kiasi cha kushindwa kujizuia na kama akili yake ilikuwa sawa wakati ule, na akahukumiwa kunyongwa. Wanasheria wanaisoma mpaka leo darasani, wanaitaja kwa jina na mwaka basi wanapita. Na pale Iringa kuna chuo cha ualimu kinaitwa Kleruu, wanafunzi wanaingia na kutoka.

Riwaya yote ipo pale kwenye safari ya gari. Kutoka Isimani mpaka mjini sio mbali lakini sio karibu, barabara ya vumbi enzi hizo, mtu ameshika usukani wa gari la serikali, nyuma kuna mwili wa aliyekuwa bosi wa mkoa, pembeni ya barabara watu wamevaa nguo za sikukuu wanapunga mkono maana gari la mkuu wa mkoa linapita. Alikuwa anawaza nini? Hiyo ripoti ya kesi haiwezi kukuambia, haina hiyo kazi. Mwandishi ndo ana hiyo kazi. Na mtu wa kuandika vizuri hapo sio mimi, ni mtu aliyewahi kukaa chumba cha mahabusu na mteja aliyeua, akamuuliza ilikuwaje, akamwona anavyotazama mikono yake.

Na msinambie hawana muda. Wanasheria wetu vijana wengi muda ndo kitu pekee walicho nacho. Mnakumbuka matokeo ya Shule ya Sheria ya 2022, watahiniwa 633 waliofaulu moja kwa moja 26, nchi nzima ikapiga kelele mpaka waziri akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe, mtu wa Kyela huyo. Wapo wengi wamekaa mitaani na digrii, wengine wanaandika hati za watu kwenye vibanda vya stationery wanaitwa vishoka, na pale kibandani mtu anakuja na talaka yake, na deni lake la vikoba, na mgogoro wa kaburi la baba, anasimulia mwanzo mpaka mwisho kwa Kiswahili chake huku printa inakwama. Grisham angelipia kukaa kwenye kile kiti.

Tatizo lingine sitalificha, hela. Grisham alipotembeza vitabu vyake 1,000 walikuwepo watu wenye tabia ya kununua kitabu, na maktaba za miji midogo. Hapa ukitoa kitabu utauza kwa ndugu na wana kwaya wenzako, wengine watakuambia nitumie PDF. Na wakili akiandika karibu na ukweli kuna siri za mteja, kuna jaji atakayekutana naye Jumatatu, mji wenyewe huu mdogo kila mtu anamjua kila mtu. Sio vitu vidogo. Lakini Southaven nako kulikuwa kudogo, na alichofanya ni kutunga mji, Clanton, akawahamishia watu wote humo wakiwa na majina mengine. Hata sisi hatushindwi kutunga wilaya moja kati ya Tukuyu na Makete, tukaipa mvua, viazi na mahakama yenye paa linalovuja.

Nilimwambia haya yote mshikaji wangu wakati tunakunywa chai na chapati, na nikampa kitabu kile kisicho na mwisho, nikamwambia malizia mwenyewe kwa sababu mwisho ulionipa ulikuwa wa uongo. Akacheka akaniambia yeye ana kesi za kulipa ada ya watoto, hana kesi za kutunga. Nikaona basi, yameisha.

Wiki iliyopita simu ikaita, naangalia saa ni kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, nje giza na baridi inakata, jina lake. Nikajua kuna msiba. Nikapokea kwa woga, "Kuna nini kaka?"

"Samahani, ulikuwa umelala?"

"Watu wote wamelala."

"Sikia, yule mzee wa Rungwe, mwenye shamba. Bahasha yake unaikumbuka? Ilifungwa na kamba au na nini?"

"Tyubu ya baiskeli."

"Nyeusi?"

"Nyeusi, imechakaa, ina kiraka."

Kimya. Nikasikia karatasi inageuzwa.

"Kiraka cha rangi gani?" akauliza.